Kitabu si Mgeni Kwetu

Umeenea miongoni mwetu msemo wa kejeli kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Msemo huu hutamkwa kwa kicheko, hata na baadhi ya walimu mbele ya wanafunzi wao. Sisi tunaona kuwa una makosa mawili. Kwanza, si wa kweli. Pili, huwatupia lawama wasomaji pale ambapo lawama ni ya wengine.

Tuanze na ukweli. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, hali akiugua, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Utenzi huo ulinakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, na watu wakauhifadhi moyoni. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, yaani mwaka 1728, Utenzi wa Tambuka ulikwisha kuandikwa. Tenzi za namna hiyo zilisomwa kwa sauti. Mmoja alisoma, wengi wakasikiliza. Kusoma hakukuwa kazi ya mpweke, bali shughuli ya jamaa. Anayedhani kwamba msomaji ni yule tu aliyejifungia chumbani peke yake, hawezi kuwaona wasomaji wa aina hiyo.

Huenda tukajibiwa kwamba hayo yalikuwa mambo ya pwani, tena ya wachache. Basi na tuitazame Tanzania baada ya Uhuru. Mwaka 1967, katika kila watu wazima watatu, ni mmoja tu aliyejua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vya wanavijiji vilikutana, vikasikiliza redio, vikasoma pamoja vijitabu vya kampeni na kujadiliana, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Walisoma kwa sababu kitabu kiliwafikia, kilisema lugha yao, na habari zake zilikuwa za maisha yao. Kufikia mwaka 1986, waliojua kusoma walihesabiwa kuwa asilimia 90 hivi.

Hata hivyo, sensa ya mwaka 2002 iliwakuta karibu asilimia 70 tu. Ingawa vipimo hivyo viwili si vya namna moja, tofauti hiyo haifai kupuuzwa. Kisomo ni kama jembe: lisipolimiwa hushikwa kutu. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam mnamo Desemba 1967, ilikusudiwa kuwa kichwa cha mwili wenye viungo mikoani na vijijini. Lakini hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilileta uhaba wa karatasi na fedha za kigeni, na vitabu vikaadimika. Mtu aliyefundishwa kusoma, kisha akanyimwa cha kusoma, hawezi kuitwa mvivu.

Lakini si kila kosa ni la uchumi. Ziko shule ambazo vitabu vyake vimefungiwa kabatini kwa kufuli, kwa kuhofia kwamba vitapotea au vitachakaa. Sisi tunasema kuwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza wajibu wake; kilichobaki kipya kwa miaka kumi ndicho kilichopotea. Tena tumewazoeza vijana kusoma kwa ajili ya mtihani tu. Mtihani ukiisha, kitabu nacho huwekwa kando, kama kwamba mwandishi alikuwa mtungaji wa maswali. Nasi tuandikao hatuna budi kujiuliza kama tunayoyaandika yanastahili kusomwa na mkulima arudipo shambani jioni.

Kwa hiyo, kabla ya kuurudia msemo ule wa kejeli, mwalimu na afungue kabati, aazimishe vitabu, na kila juma asome kwa sauti kurasa chache zisizo na swali la mtihani. Mwanafunzi naye akifika nyumbani na awasomee wazazi wake. Tukifanya hivyo na watu bado wakakataa kusoma, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kuwalaumu.