Spika za Nyuma

Fundi huyu wa Tabata hagusi waya kabla hajakaa. Anakaa kwenye kochi, pale pale anapokaa mwenye nyumba, anatazama TV, kisha anageuza shingo polepole kulia na kushoto. Anatafuta mahali pa spika za nyuma. Haziwi nyuma ya kisogo. Zinakuwa pembeni, zimerudi nyuma kidogo ya masikio, kama nyuzi 110 ukihesabu kutoka kwenye TV. Anaweka alama ya chaki ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, halafu anaipandisha kiganja kimoja.

Mbele ipo saundiba mpya, isiyo na tundu hata moja la kuchomekea spika nyingine. Kabatini imo amplifaya ya zamani ya stereo na spika zake mbili za mbao, ambazo mama mwenye nyumba alikataa kuziuza. Alifanya vyema: ndizo zitakazokuwa spika za nyuma. Fundi anabonyeza koni kwa ncha za vidole, taratibu, akisikiliza kama kuna mkwaruzo. Hakuna.

Waya wa optiki unatoka kwenye TV, unafika kwenye kigawanyaji, unatoka matawi mawili. Moja linakwenda kwenye saundiba. La pili kwenye kisanduku kinachogeuza ule mwanga kuwa sauti inayoeleweka na amplifaya. Kwenye menyu ya TV anachagua PCM, maana kisanduku hicho hakifumbui Dolby.

Spika zote zinalia. Mafundi wengi wangekusanya bisibisi zao hapo. Huyu anachomeka flashi yenye mlio mmoja wa kofi, anaurudia, na sote tunasikia makofi mawili: la nyuma limetangulia. Saundiba hutumia muda kuichakata sauti kabla ya kuitoa, tena iko mbali zaidi na kochi. Katika joto la Dar sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, yaani sentimita 35 kwa kila milisekunde. Kisanduku kina kitufe cha kuchelewesha. Anabonyeza, anafumba macho, anasikiliza, anabonyeza tena. Makofi yanasogeleana, yanagusana, yanakuwa moja. Bado haachi. Anaongeza milisekunde chache ili mbele itangulie, kwa sababu sikio huipa sauti makao kule ilikotokea kwanza, kama Mjerumani Helmut Haas alivyoonyesha mwaka 1949.

Kinachofuata ndicho ninachokistahi zaidi. Anazima amplifaya, anashika mita, anagusisha sindano zake kwenye vituo viwili vyeusi vya spika, mgongoni mwa amplifaya. Mita inalia: vyeusi vimeungana ndani. Isingelia, asingeendelea, kwani kwenye amplifaya ya aina nyingine uungaji huu unaweza kuiunguza. Anachomoa nyaya zote mbili nyeusi, anazikaza pamoja kwenye kiunganishi cha skrubu, na kuacha zile nyekundu tu kwenye amplifaya, moja kulia, moja kushoto. Njia hii ilienezwa na Mmarekani David Hafler mwanzoni mwa miaka ya 1970. Spika sasa hupata tofauti tu kati ya kulia na kushoto; kilicho sawa pande zote mbili hujifuta chenyewe.

Anaiwasha tena amplifaya, anaweka taarifa ya habari. Sikio likiwa karibu na spika ya nyuma, anazungusha kitasa cha balansi kidogo kidogo sana. Sauti ya msomaji inafifia, inafifia, mpaka unabaki muziki mwembamba uliokuwa chini yake. Mbele, msomaji yuko wazi kabisa. Kisha mechi: mtangazaji amebaki kwenye TV, mashabiki wamehamia nyuma ya kochi.

Anapunguza sauti ya nyuma mpaka mama analalamika.

"Fundi, mbona hizi hazilii?"

Anazima amplifaya. Uwanja wote unarudi kujibana ndani ya TV.

"Aa, kumbe! Washa, baba, washa."

Anawasha, anabandika kipande cha tepu nyeupe kwenye kitasa cha sauti kuonyesha kiwango hicho, kwani rimoti ya saundiba haifiki huko. Mwisho anaigeuza amplifaya na kuandika mgongoni kwa kalamu nzito: ukibadilisha mashine, pima vyeusi kwanza.