Walimu wa Kwaya wa Ulaya

Aghalabu asikiaye kwaya katika makanisa ya kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, kwenye njia iendayo Mikumi, husifu sauti na kuwasahau walioziunda. Mwalimu wa kwaya, ambaye mchana kutwa ameinamia jembe na hana ujira wowote kwa kazi hii, jioni hukaa kitako na daftari lililochakaa, akiandika do, re, mi za soprano, alto, tenor na besi, kisha akawakaririsha wenziwe, hata wasiojua kusoma, sauti moja moja hadi zioane.

Baada ya sauti huja gitaa. Kilosa imo mkoani Morogoro, na Morogoro ndiko mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe alikovuma na bendi ya Morogoro Jazz, na mahadhi ya dansi hayakuishia kilabuni. Yalibisha hodi kanisani pia. Wako wazee waliochukizwa, nami nawaelewa, walakini sikubaliani nao, kwa kuwa Zaburi zenyewe zimejaa vilio, na aliyefiwa hufarijika kwa mahadhi aliyoyazoea kuliko kwa ya kuazima.

Katika wilaya ambayo mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makao na kuikata reli ya kati, wimbo wa msiba si pambo. Wanakwaya huufuata msiba kwa miguu, wakabeba betri na spika, wakaimba hadi alfajiri, na asubuhi wakaenda shambani bila kulala.

Ukiwakuta matangani, msomaji, wachangie japo nyuzi za gitaa.