Riwaya za Mapenzi ya Kikristo: Nani Analipa?

Msomaji mwenzangu, usinicheke. Nakala ya Redeeming Love niliyoisoma mimi haikuwa na jalada wala kurasa nane za mwanzo. Ilifika huku kwetu Ngenge ndani ya mkoba wa binti mmoja wa kwaya aliyetoka kusoma Mwanza, ikapita mikono ya watu kadhaa kabla yangu, na kila mmoja kaacha alama yake: huyu kapiga mistari kwa kalamu nyekundu, yule kamwagia chai. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha kusukumwa na kamusi. Hata hivyo nilikesha nayo siku tatu. Mshikaji mmoja tunayesomeana miswada aliponikuta nayo alicheka hadi akakaa chini. "Wewe unayetaka kuwa Kezilahabi, leo unasoma vitabu vya akina dada?" Sikumjibu siku ile. Namjibu hapa.

Kwa wasioijua: mtunzi ni Francine Rivers wa Marekani, na riwaya ilitoka mara ya kwanza mwaka 1991. Ni kisa cha nabii Hosea na mkewe kahaba, kimetolewa kwenye Biblia na kupelekwa California ya miaka ya 1850, enzi za kukimbilia dhahabu. Michael Hosea, mkulima, anaambiwa na Mungu amwoe Angel, msichana aliyeuzwa danguroni tangu utotoni. Anamwoa. Angel anatoroka. Anafuatwa, anarudishwa, anatoroka tena. Yaani ndiyo hivyo karibu kitabu kizima, na bado huwezi kukiweka chini.

Kwa nini? Darasani tungeandika "maudhui ya kidini", tukapata alama zetu mbili, tukahamia swali linalofuata. Mimi nasema sivyo. Wasomaji ninaowajua huyaruka mahubiri, na hata huyo binti wa kwaya alikiri. Kinachowashika ni kiapo. Katika hadithi nyingi za mapenzi tunazonunua vibandani, wapenzi hutenganishwa na barua iliyopotea au shangazi mwenye roho mbaya. Ukiiondoa barua, kisa kimekwisha. Lakini mtu aliyeapa mbele ya Mungu wake, tena katika enzi ambayo kuachana ni aibu ya ukoo mzima, hana mlango wa uani. Hapo ndipo historia inapomfaa mtunzi: inamfungia wahusika wake ndani. Sisi tunaoachana kwa ujumbe wa simu tunawasoma kwa wivu, tuseme ukweli.

Mbinu hii si ya jana. Sienkiewicz wa Poland aliitumia katika Quo Vadis, iliyotoka kama kitabu mwaka 1896: askari kijana wa Roma anampenda msichana Mkristo wakati wa Nero, na kumpenda maana yake ni kuusogelea uwanja wa wanyama wakali. (Kumbe bwana huyu alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891. Shuleni hatukuambiwa hata siku moja.)

Sasa turudi nyumbani. Huyo Kezilahabi niliyetajiwa kwa kejeli ni mtoto wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, na kisiwa hichohicho ndicho kilichotupa riwaya ninayoiweka juu ya hizo mbili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ya Aniceti Kitereza. Wengi wetu tunaijua kwa unene wake tu, maana inapita kurasa 600. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere analazimika kwenda ukweni kumwomba mkewe upya. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi.

Na hapo ndipo Kitereza anapomshinda Rivers. Michael Hosea akitetereka, anasikia sauti ya Mungu inamrudisha njiani. Myombekere hana sauti. Ana ndizi. Ndizi za kutafuta, za kuivisha, za kukamua, watu wa kuwaomba msaada, vyombo vya kuazima, safari ya kubeba. Mtunzi haruki hatua hata moja. Mara ya kwanza niliona anachosha, nikazipita zile kurasa. Mara ya pili nikaona aibu, maana mtu wa Muleba anayejua jasho la olubisi hapaswi kuambiwa kwamba hilo nalo ni tamko la mapenzi. Hakuna mahali mume huyu anaposema "nakupenda" kwa maneno ya sinema. Anakamua.

Utasema hiyo si riwaya ya Kikristo. Ni kweli ndani yake humo hakuna padri wala ubatizo. Ni Ukerewe ya kabla ya wageni. Lakini mtazame mwandishi. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma miaka mingi Seminari ya Rubya, hapahapa Muleba, akawa katekista. Yeye na mkewe Anna hawakubaki na mtoto, na katika jamii iliyomruhusu kuoa mwingine, hakuoa. Aliimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kiapo alikiishi yeye nyumbani kwake, kitabuni akaweka gharama tu. Kwangu mimi huo ndio Ukristo wa kitabu kile, na hauhitaji sala hata moja.

Lakini kuna jambo ambalo riwaya za namna ya Rivers hazinipi, nalo ndilo linaloniuma. Kiapo kina upande wa pili. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na kanuni yao kwa mwenye wake wengi ilikuwa wazi: ukitaka ubatizo, baki na mmoja. Vizuri. Na wale wengine? Mama mzaa babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mke wa pili. Mzee alibatizwa, akafunga ndoa na mke wa kwanza kanisani, na huyu akarudishwa kwao na mtoto mgongoni. Jina la mzee limo katika kitabu cha ubatizo. La bibi yule sijaliona mahali popote.

Nina kauntabuku mbili za riwaya juu ya kisa hicho. Sura ya ubatizo nimeiandika mara nne. Mara tatu za kwanza nilikaa kanisani na mzee, nikampa machozi, nikampa neema, nikampa mwanga wa dirishani, na kila mara ilitoka Michael Hosea aliyevaa kanzu. Nilimwonea huruma mtu asiyelipa kitu! Mara ya nne nimetoka nje. Nimekwenda migombani, ambako mke wa pili anafunga mzigo wake kwa kamba ya mgomba, na kengele ya misheni anaisikia kwa mbali.