Bamba Linalosubiri: Chapa ya Tindikali na Kumbukumbu za Onduparaka

Katika chapa ya tindikali, msanii hupaka nta juu ya bamba la shaba, huichora kwa sindano, kisha tindikali hula shaba pale tu nta ilipofunguka. Mistari iliyolika hushika wino, na mashine hubana karatasi yenye unyevu mpaka iuchukue. Bamba hubaki.

Thamani ya kijamii ya mbinu hii imo katika kubaki huko. Francisco Goya alichora mabamba yake ya maafa ya vita vya Hispania kati ya 1810 na 1820. Alifariki 1828, nayo yakachapishwa 1863.

Nchini Uganda, Fred Mutebi amesifika kwa chapa za mbao zenye rangi nyingi: baada ya kila rangi, ubao uleule huchongwa zaidi. Rangi zake zina uhai ambao mstari wa shaba hauna. Hata hivyo, ubao huliwa na kazi yenyewe. Picha haiwezi kupigwa tena.

Kwa Onduparaka, karibu na Arua, tofauti hii si ya kiufundi tu. Watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire baada ya utawala wa Amin kuanguka 1979. Mauaji ya Ombaci yakafuata Juni 1981. Anayeshika bamba ndiye huamua lini ushahidi utolewe tena. Hivyo, sera ya sanaa isiishie kununua picha za maonyesho. Igharimie pia hifadhi ya mabamba, na hifadhi hiyo iwe Arua kwenyewe.