Ekari Saba kwa Moja

Mtu atakayezisoma hesabu peke yake, asiitazame miti, atadhani ya kwamba Idara ya Misitu ya Marekani ilifanya biashara yenye faida isiyo kifani ilipobadilishana ardhi na kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser, katika miaka ya 1990, pande za milima ya Cascade katika jimbo la Washington. Kwani kampuni ilitoa ekari 30,253, na juu yake ikatia hiba ya ekari nyingine zipatazo 2,000, ilhali Idara ilitoa ekari 4,362 tu za Mlima Huckleberry na kando zake. Ni karibu ekari saba kwa moja, kabla ya kuihesabu hiba. Lakini sheria ya mwaka 1976 inayotawala miamala ya namna hii haiulizi ukubwa wa ardhi, huuliza thamani: pande mbili sharti zilingane kwa bei, na palipo na upungufu hufidiwa kwa fedha taslimu isiyozidi robo ya thamani ya ardhi ya umma inayotolewa. Basi ikiwa ekari saba zilihesabiwa kuwa sawa na moja, sababu haifichiki: ile moja ilikuwa na miti mikubwa imesimama, na zile saba, kwa sehemu kubwa, zilikwisha pitiwa na misumeno na kuchongwa barabara za magogo.

Muradi wangu si kuulaumu muamala wenyewe, ambao ulikuwa na hoja nzuri nyuma yake, bali kuichambua tathmini ya athari kwa mazingira iliyouhalalisha. Maana tathmini ile iliandikwa na watu wenye elimu, waliofuata taratibu zote zilizoandikwa, na hata hivyo Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa, katika hukumu yake ya tarehe 19 Mei 1999, iliiona kuwa pungufu katika mambo ambayo ndiyo hasa tathmini huandikwa kwa ajili yake.

Asili ya shauri ni ya zamani. Mwaka 1864 Bunge la Marekani liliipa kampuni ya reli ya Northern Pacific ardhi kama ujira wa kujenga njia hadi Bahari ya Pasifiki, lakini halikuitoa kwa kipande kimoja: nchi ilikatwa miraba ya maili moja kila upande, ekari 640 kila mraba, reli ikapewa miraba ya namba witiri na serikali ikabaki na ya namba shufwa, hata ramani ikawa kama ubao wa dama. Mwaka 1900 Frederick Weyerhaeuser na washirika wake wakanunua kwa kampuni ya reli ekari 900,000 za msitu huo kwa dola 6 kila ekari. Miraba mingine ya reli ikabaki katika milki yake, na baada ya miaka mingi ikaangukia mikononi mwa kampuni iliyozaliwa humo, Plum Creek, ambayo tutakutana nayo mbele.

Mwenye kuusimamia msitu uliokatwa namna hii hana raha. Mraba wake mmoja ni miti yenye umri wa karne kadhaa, misonobari ya Douglas na mierezi ambayo watu watatu hawaikumbatii shina. Mraba wa jirani, wa mtu mwingine, ni visiki na vichaka. Jua na upepo huingia kwa ubavuni na kuukausha msitu kutoka mipakani. Barabara ya magogo ya huyu hupita katika ardhi ya yule. Na bundi wa madoadoa, aliyetiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1990, hajui mipaka ya witiri na shufwa. Kwa hiyo wazo la kubadilishana miraba, ili kila mwenye ardhi apate kipande kilichoungana, ni wazo la busara, na sioni kwamba yeyote aliyelipinga kwa haki alilipinga kwa sababu hiyo. Ubishi ulikuwa juu ya miraba ipi itolewe, na je, palikuwa na njia nyingine.

Hapo ndipo sheria ya mazingira inapoingia. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, ambayo ni mama wa sheria za namna yake ulimwenguni, zikiwemo ile ya Kenya ya mwaka 1999 na ile ya Tanzania ya mwaka 2004, haiilazimishi serikali kuchagua njia iliyo bora kwa msitu. Wakati wa shauri hili iliilazimisha kitu kingine, ambacho aghalabu hudharauliwa kwa kuonekana chepesi: kabla ya kutenda, itaje bayana athari za tendo lake, za moja kwa moja na zile zinazojumlika pamoja na matendo mengine ya zamani na yajayo, na kuziweka ubavuni mwa njia mbadala zilizo za kweli, ili mwenye kuamua na raia wote wawili waone kilichoachwa kwa ajili ya kilichochukuliwa. Kanuni za utekelezaji wake za wakati ule ziliziita njia mbadala kuwa ndio moyo wa tathmini, na kwa rai yangu hilo si pambo la maneno.

Tuitazame basi tathmini ya Huckleberry mahali pale penye moyo. Iliweka njia tatu. Ya kwanza, kutofanya lolote, ambayo kila tathmini sharti iwe nayo. Ya pili na ya tatu, kubadilishana ardhi kwa namna mbili zilizokuwa karibu sawasawa, hata ukiziweka pamoja itakubidi utafute tofauti zake. Msomaji aliyefika hapo alikuwa ameshikwa bila ya kujua: aidha ukubali muamala uliopendekezwa, aidha ubao wa dama ubaki ulivyo na kampuni ikate miraba yake ipendavyo. Kwa mizani ya namna hiyo muamala hauna budi kushinda, kwa kuwa kilichowekwa katika kitanga cha pili ni hasara tupu. Haukuchunguzwa uwezekano wa kuinunua ardhi ya kampuni kwa fedha za mfuko wa serikali uliowekwa kwa kazi hiyohiyo ya kununua ardhi za hifadhi, kwa hoja kwamba kupatikana kwa fedha zile lilikuwa jambo la mbali na la kubahatisha; wala haukupewa uzito uwezekano wa kuitoa ardhi ya umma pamoja na masharti katika hatimiliki, yatakayomfunga mmiliki mpya asikate pahala fulani au asikate kwa namna fulani. Mahakama ilifadhaishwa na jambo hili, kwamba Idara iliiacha bila kuipima njia iliyolingana zaidi na sera zake yenyewe kuliko zile ilizozipima.

Ila ya pili ilikuwa katika kujumlisha athari. Ilijulikana kwa wote kwamba Weyerhaeuser ilizitaka ekari zile 4,362 ili ikate miti. Kampuni ya mbao haikusanyi misitu kwa ajili ya kivuli. Lakini tathmini, ilipofika kueleza ukataji huo utayafanya nini maji, udongo na wanyama wa bonde zima, ukichanganywa na ukataji wa jirani, ilisema kwa maneno mapana yasiyo na hesabu, ikikaa zaidi upande wa faida kuliko upande wa hasara. Na pengine ilijiegemeza kwenye mpango mkuu wa msitu wa mwaka 1990, ambao uliandikwa kabla ya muamala huu kutajwa na kwa hiyo haungeweza kuupima. Ndani ya wakati uleule Idara ilikuwa ikiandaa mabadilishano mengine makubwa jirani na hapo, pamoja na Plum Creek, nayo hayakutiwa katika hesabu ati kwa kuwa yangali mbali. Mahakama ikaona kuwa jambo lililokwisha kuwa karibu na yakini haliwezi kuitwa mbali.

Naomba msomaji astahimili nikae kidogo juu ya ila ya tatu, kwani hapo ndipo namna ya kufikiri ya tathmini yote inapoonekana kwa karibu. Juu ya mgongo wa Huckleberry hupita njia ya kale ambayo mababu wa kabila la Muckleshoot waliipita kwa miguu, na Idara yenyewe ilikiri kuwa njia hiyo inastahiki kuingizwa katika daftari la taifa la mahali pa kihistoria. Sehemu zake nyingine zilikwisha haribiwa na ukataji wa zamani, lakini nyingine zilikuwa nzima, nazo zilikuwa ndani ya ardhi inayokwenda kwa kampuni. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa nini? Njia ichorwe ramani na ipigwe picha, kisha hatimiliki ikabidhiwe. Yaani athari ilitambuliwa, ikaandikwa, ikawekewa hatua ya kuipunguza, na visanduku vyote vya utaratibu vikatiwa alama. Kilichosalia ni kwamba njia ingekatwa na picha ingebaki. Mahakama ikasema kwamba kuinakili sehemu iliyo nzima si kulipunguza dhara la kuitoa, hasa ilipokuwa kanuni za wakati ule zinatambua wazi njia ya kuitoa mali ya namna hiyo pamoja na masharti ya kuilinda.

Kabila la Muckleshoot na vyama viwili vya hifadhi vilivyoshitaki pamoja nalo wakashinda, na mahakama ikazuia kazi yoyote zaidi ya kuibadili ardhi ile mpaka tathmini ifanywe upya. Lakini hatimiliki zilikuwa zimekwisha badilishwa na misumeno ilikwisha anza, na hilo nalo ni somo la kiufundi: kesi hizi hazisimamishi muamala kwa nafsi zake, bali mpaka hakimu aamuru, na mti uliokwisha anguka hauna rufani.

Sasa nije kwa Plum Creek, kwa ufupi. Muamala huu, uliochukua jina la barabara kuu namba 90 ipitayo katika mlango wa Snoqualmie, ulikusudiwa kwa uwazi zaidi kuilinda misitu ya kale na kuunganisha makao ya wanyama kaskazini na kusini ya barabara. Oktoba 1998 Bunge liliuamuru kwa sheria, kabla ya tathmini kutimia: takriban ekari 60,000 za kampuni kwa takriban 16,500 za umma. Miongoni mwa zile za umma ulikuwemo Mlima Watch, juu ya kijiji cha wakata miti cha Randle, ambacho wenyeji wake walihofia mteremko uliokatwa miti usije ukawaporomokea. Na majira ya joto ya mwaka 1999 wanaharakati walipanda juu ya miti na kukaa huko, huku wanakijiji wasiozoea kushirikiana na watu wa namna hiyo wakiwaunga mkono. Katika baadhi ya vipande vilivyokuwa vitolewe ilionekana dalili ya mureleti, ndege mdogo wa baharini avuaye samaki katika maji ya chumvi na kuruka makumi ya kilomita kuja barani, kutaga yai moja tu juu ya tawi pana la mti mkongwe, bila ya kujenga kiota. Ndege huyu alikwisha tiwa katika orodha ya hatari tangu mwaka 1992. Kabla ya mwaka 1999 kwisha Bunge likairekebisha sheria yake, Mlima Watch ukatolewa katika muamala, na hesabu ikashuka ikawa zaidi ya ekari 31,000 kwa takriban 11,500.

Ajabu iliyopo hapa ni kwamba kuondolewa kwa ekari chache zenye uzito kulipunguza upande wa pili karibu nusu, kwa kuwa mizani ya bei hailegei: ukikataa kutoa miti mikubwa, huwezi kupokea visiki vingi. Huo ndio mtego ulio ndani ya kila mabadilishano yaliyokusudiwa kulinda msitu wa kale. Kampuni, kwa sehemu kubwa, hailipwi kwa fedha ila kwa miti, na miti yenye bei ni ile mikongwe. Basi msitu mmoja wa kale hulipiwa kwa msitu mwingine wa kale, na tathmini inayoandika sura ndefu juu ya ule unaopokelewa na sura fupi juu ya ule unaotolewa imeificha sarafu iliyolipia. Mwezi Juni 2000 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ilipokwisha zichunguza hesabu za mabadilishano ya ardhi za umma, ilikwenda mbali hata kulishauri Bunge lifikirie kuuacha kabisa mtindo huu, kwa sababu ya mashaka juu ya thamani zilizokuwa zikikubaliwa na faida ambayo umma ulikuwa ukiipata.

Njia ya kununua, iliyoachwa kando katika tathmini ya Huckleberry kwa kuonekana ya mbali, haikukaa mbali kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 2000 umoja wa vyama vya hifadhi ulichangisha fedha za watu binafsi, ukalibembeleza Bunge litoe sehemu kubwa zaidi, na miaka michache baadaye makumi elfu ya ekari za ubao wa dama wa Cascade yakawa yamenunuliwa kwa fedha taslimu na kuingia katika misitu ya umma, bila ya kutoa mti mmoja kuwa malipo. Plum Creek yenyewe iliungana na Weyerhaeuser mwaka 2016, na miraba ya witiri iliyosalia katika milki ya kampuni zote mbili ikawa ya mwenyewe mmoja.