Skana ya Unyevu na Ngozi Isiyoonyesha Wekundu

Muuguzi anayemkagua mgonjwa wa kulala kitandani hufundishwa kubonyeza kwa kidole pale anapoona wekundu. Akiachia, ngozi ikapauka kisha rangi ikarudi, damu ingali inapita. Wekundu usipotoka, hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda cha kulalia. Kanuni hii imejengwa juu ya ngozi nyeupe. Katika wodi za Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wakongwe wa Mombasa wanaijua kwa jina la Makadara, au ghorofani katika nyumba ya Ndia Kuu alikolazwa bibi aliyepooza, melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huufunika wekundu huo. Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Ndiyo maana skana ya unyevu inastahili kutazamwa kwa makini huku kwetu, pengine kuliko huko ilikotengenezwa. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro kwa saa nyingi, seli huanza kuumia na mishipa midogo huvujisha maji. Maji hayo hukusanyika chini ya ngozi siku kadhaa kabla juu hakujabadilika chochote. Barbara Bates-Jensen, muuguzi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha mwaka 2009 utafiti uliohusisha unyevu huo na madhara ya mwanzo kwa wazee wenye ngozi nyeusi. Kifaa kinachojulikana zaidi leo, Provizio SEM Scanner cha kampuni ya Bruin Biometrics, kinashikwa mkononi na kugusishwa kwenye ngozi. Elektrodi yake hupima tishu inaweza kuhifadhi chaji ya umeme kiasi gani, hadi kina cha milimita chache. Maji huhifadhi chaji nyingi kuliko mafuta, kwa hiyo palipojaa maji namba hupanda. Rangi ya ngozi haina usemi hapo.

Lakini namba moja peke yake haisemi kitu, na hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe. Muuguzi hupima sehemu kadhaa, juu ya mfupa wa kitokono na pembeni yake penye nyama nzima, kisha kifaa kinatoa namba ndogo katika kubwa. Tofauti ikifika 0.6, pana dalili ya hatari. Visigino hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Mzee aliyekaukiwa maji na mwenzake ambaye figo zimemvimbisha hawaanzii namba moja. Kutoa huku kunamlinganisha kila mmoja na mwili wake mwenyewe.

Na jasho la Mombasa je, mwezi wa Machi, kaskazi ikishakata na kusi haijaingia? Jasho linakaa juu, nalo lina hesabu yake: kipimo cha Braden cha mwaka 1987, cha kukadiria hatari ya vidonda vya kulalia, kinahesabu jasho na mkojo unaolowesha ngozi. Skana inatafuta maji ya ndani. Kwa hiyo ngozi ifutwe ikauke kwanza, la sivyo elektrodi itasoma jasho.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwa ufadhili wa kampuni yenyewe, ulionyesha kifaa kikitangulia jicho la muuguzi kwa takriban siku 4.7. Kilinasa asilimia 87.5 ya waliokuja kupata vidonda. Upande wa pili haupendezi: kati ya wasiopata, kiliwaachia salama asilimia 32.9 tu, yaani kilipiga kelele kwa karibu wawili katika kila watatu. Watetezi husema baadhi yao waliokolewa na huduma waliyokuwa wakipewa, na hoja hiyo si ya kupuuza. Hata hivyo NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza, iliamua mwaka huo huo kwamba kifaa kinaleta matumaini ila ushahidi hautoshi kukifanya cha kawaida.

Mimi naona NICE wako sawa, kwa sababu kila onyo linadai mikono ya kumgeuza mtu. Zamu ya usiku yenye wauguzi wachache ikipewa maonyo ya wodi nzima, hakuna atakayegeuzwa ipasavyo. Ningeanza na wasioweza kujigeuza kabisa: waliopooza, waliovunjika nyonga, waliojeruhiwa uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda.

Binti anayemuuguza mamake Mji wa Kale hana elektrodi, ila kutoa anaweza. Mwongozo wa kimataifa wa 2019 unasema ngozi nyeusi ikaguliwe pia kwa joto na ugumu, ikilinganishwa na iliyo jirani. Aweke mgongo wa kiganja kwenye kitokono, kisha pembeni. Akihisi pana joto au ubaridi zaidi, pagumu au panabonyea kama tope, asipasugue kwa mafuta, maana kusugua huzidisha madhara. Amlaze ubavu, atie mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro, na baada ya nusu saa apapase tena.