Nephila au Trichonephila: Uhakiki wa Uainishaji wa Buibui wa Uzi wa Dhahabu kwa Kurejelea Mwambao wa Tanga

Mtafiti akimkuta Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki, buibui jike mkubwa kwenye utando wa rangi ya dhahabu, aandike jina gani? Zamani jibu lilikuwa jepesi: Nephila, jenasi ya Leach ya mwaka 1815. Mwaka 2019 Kuntner na wenzake waliipandisha Trichonephila ya Dahl (1911) kuwa jenasi kamili. Spishi inaurata, fenestrata na sumptuosa, hii ya mwisho ikiwa imeelezwa na Gerstäcker mwaka 1873, zikahamia huko. Constricta ikabaki Nephila.

Hoja ya utengano huo ina nguvu. Waandishi walijenga mti wa ukoo kwa alama 367 za vinasaba, na jenasi isiyo tawi moja ni fungu la mazoea tu. Udhaifu unaanza wanapoitetea familia ya Nephilidae kwa umri. Wanadai kwamba familia za buibui kwa kawaida zina umri wa miaka milioni 37 hadi 98, ilhali Nephilidae inakadiriwa kufikia milioni 133. Kwa hiyo inastahili hadhi ya familia. Hoja hii inajizunguka. Mipaka ya familia hizo iliwekwa na wanauainishaji wenyewe, wala wengi wao hawakuwa na habari ya umri wowote. Si ajabu kwamba mwaka 2020 Kallal na wenzake waliipinga, wakilirudisha kundi zima ndani ya Araneidae.

Kwa mtafiti wa Tanga, hata hivyo, mgogoro wa familia ni mdogo kuliko ule wa nywele. Jina Trichonephila linadokeza nywele, na ni rahisi mwanafunzi kuzifanya sifa bainifu. Lakini miguu myekundu ya inaurata aliyekomaa haina mashungi mazito yaliyo kwenye miguu ya fenestrata. Jina si ufunguo wa utambuzi. Kinachoaminika ni viungo vya uzazi, na hapo dume, mwenye urefu wa milimita chache tu, ana thamani kuliko jike anayevutia macho. Wakusanyaji wengi humwacha utandoni.

Ndiyo maana kibandiko cha zamani kisemacho «Nephila» bila spishi hakisahihishiki kwa kufuta na kuandika upya. Chupa lazima ifunguliwe, na kielelezo kiwekwe chini ya hadubini.